Nyuma ya Mwenyekiti

Juu ya magunia, ndani ya lori lililotoka Arua, Sitti alimsikiliza mzee Okuonzi akijisifu. Mwaka hamsini na sita alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, kiwanda cha nguo, Jinja. "Kura ilikuwa ya kupanga mstari. Watu mia mbili walisimama nyuma yangu!"

"Mimi ndiyo nilikuwa wa kwanza, mzee," alisema Kasimiro, abiria wa pembeni. "Tukagoma. Wewe uliingia ofisi ya muzungu, ukatoka na koti ya nyapara. Sisi wote walitufukuza kazi."

Sitti aliliangalia koti la Okuonzi. Viwiko vilikuwa vimetoboka.

"Sikumbuki sura yako, ndugu."

"Utakumbuka wapi? Tulikuwa nyuma yako."

Lori likasimama Koboko. Okuonzi alinyoosha mkono asaidiwe kushuka, lakini Kasimiro alikuwa ameshatangulia, na hakugeuka.