Mfuko wa Saa Ndani ya Joho

Mheshimiwa Jaji Mkuu, Bibi Mkurugenzi wa mfuko huu wa ufadhili, wakufunzi, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mawakili vijana mnaoondoka wiki ijayo kwenda kujifunza kutetea haki za binadamu mbele ya mahakama za kimataifa. Nimemruka mtu mmoja, na nimemruka kwa makusudi. Shemeji yangu mshonaji, uliyeketi safu ya mbele na majoho ya vijana hawa mapajani: hotuba hii ni yako. Wengine wamealikwa kuisikia.

Kuna jibu nililowahi kumpa mtu kwa niaba yako, nikakuficha. Nimelificha ujana wangu wote na uzee wangu wote. Leo nitalisema, kisha nitanyamaza.

Mniwie radhi nikizungumza nikiwa nimeketi. Miguu imegoma na pumzi ninazikopa. Daktari wangu, ambaye zamani alizoea kuniambia, “Tuonane mwakani, mzee,” siku hizi husema, “Tuonane Jumatatu,” tena haniangalii usoni.

Bibi Mkurugenzi amenitambulisha kwa maneno matamu mno. Amesema mimi ni sauti ya wasio na sauti. Mwanangu, nakushukuru, lakini je, huyu shemeji yangu hana sauti? Waulizeni wauza vitambaa wa mtaani kwetu. Akikanyaga tu kizingiti cha duka, mwenye duka humwambia mkewe, “Mhudumie wewe, mimi nina kazi nyuma.” Ninyi mnacheka, naye anacheka. Cheka, Shemeji. Nilitaka nikuone ukicheka kwanza.

Vijana, jina mlilolisoma kwenye vyeti vyenu ni la mume wake. Mmefundishwa kwamba alikuwa mfungwa wa dhamiri. Mimi nilimjua kabla ya hapo, alipokuwa fundi saa mwenye kijimeza cha kioo chini ya ngazi za jengo lililokuwa na ofisi yangu ya kwanza: lenzi kwenye jicho moja, kibano mkononi, na mdomo usiojua likizo. Mimi aliniita Wakili Nakuja, kwa sababu kila mteja aliyenisubiri pale ngazini nilimwambia, “Nakuja.” Siku moja nilimpelekea saa yangu, nikamwambia inachelewa. Akaifungua, akaitazama, akaifunga. “Saa ni nzima,” akasema. “Mgonjwa ni wewe.”

Mafundi na wachuuzi wa mtaa ule walipoamriwa kuondoka, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni akauliza waende wapi. Swali hilo tu. Wakamchukua, wakamweka kizuizini bila shtaka na bila kumfikisha mbele ya hakimu. Mahakama za hapa zote nilizozigonga zilinifungia mlango. Ndipo nikapata ufadhili kama huu wenu, nikaenda ng'ambo na shauri lake.

Kabla sijaondoka, shemeji alinishonea joho. Nikalivaa dukani kwake, nikagusa mfuko mdogo upande wa ndani, kifuani.

“Huu wa nini?”

“Wa saa. Ukisimama kusema, uwe unaitazama. Maneno yako mengi, Shemeji, na mume wangu yumo ndani anasubiri.”

Tangu mwaka huo hamna wakili kijana aliyeondoka hapa bila joho la shemeji, na hamna joho lisilo na mfuko huo. Najua mnauchekea, maana saa zenu ziko kwenye simu. Msiuchekee.

Siku ya shauri nilisimama. Wakalimani walikuwa nyuma ya vioo, maneno yangu yakiingia masikioni mwa majaji kwa lugha nisizozijua. Nilipofika katikati, jaji mmoja aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini, akaniangalia. Wanangu, jihadharini na dakika hiyo. Sijawahi kuonja pombe kali kuliko hiyo. Nilitoka pale nikiwa sijui kama nakanyaga sakafu. Kilichotokea koridoni mara tu baada ya hapo, nitawaambia mwisho.

Fundi saa alikufa kizuizini kwa homa ya mapafu kabla hukumu haijasomwa. Iliposomwa, tulikuwa tumeshinda. Ndiyo hukumu mnayoikariri vyuoni: hakuna serikali iliyo na ruhusa ya kumfungia mtu na kumsahau. Kwa hukumu hiyo wengi wamefunguliwa, katika nchi ambazo sijafika, na hilo silikani. Mfuko huu ukaanzishwa kwa jina lake. Mimi nikapandishwa majukwaa, nikavishwa nishani, nikaitwa mzee wetu hata kabla sijawa mzee.

Niliporudi msibani, watu walipopungua, shemeji aliniuliza, “Shemeji, hivi hawakutaka kabisa kumwachia?”

Nikasema, “Hawakutaka.”

Akaniambia, “Basi ulifanya ulichoweza. Kula kidogo, umekonda.”

Nikala. Mimi nimekula chakula cha mwanamke huyu!

Kwa nini sikusema baadaye? Kila mwaka nilijiambia, safari hii. Kisha nilimwona akiingia na majoho, ameyakunja vizuri, amejishonea gauni jipya kwa ajili ya siku hii, nikasema, mwakani. Wakili Nakuja. Marehemu alinipatia jina kabla sijalistahili.

Shukrani nazitoa sasa hivi, kwa sababu nikishamaliza sitakuwa na uso wa kumshukuru mtu. Mkurugenzi, wazazi, vijana, nawashukuru kwa kunitegea sikio na kuvumilia kikohozi changu. Shemeji, nakushukuru kwa joho. Ninalo hapa, limechakaa kwenye viwiko. Ule mfuko sijawahi kuutia saa.

Sasa koridoni. Wakili wa serikali yetu alikuwa mtu mzima tuliyemwita Mzee Tai, kwa tai zake pana kama leso. Alinikuta penye mashine ya kahawa.

“Bwana mdogo, leo umetuchapa,” akasema. “Sasa sikiliza. Nimepewa ruhusa. Ondoa shauri, mchukue mtu wako. Wiki hii hii analala kwake.”

Nilijua maana yake. Shauri likiondolewa, hukumu hakuna. Sheria yetu, wanangu, haina utata: wakili akiletewa suluhu, anaipeleka kwa mteja, na mteja ndiye anayejibu. Mteja alikuwa kizuizini, lakini mkewe ndiye aliyenituma, na duka la jirani yake lilikuwa na simu. Nami nilikuwa bado namwona yule jaji akiweka kalamu chini.

Nikamwambia, “Mteja wangu hataki fadhila. Anataka haki.”

“Umemuuliza mkewe?”

“Namfahamu.”

“Kijana, simu ile pale ukutani. Muulize tu. Mimi nasubiri.”

Akasubiri kweli. Akanywa kahawa yake hadi ikaisha, akanitazama, akaenda zake. Naye amekwisha kufariki, nimebaki mimi.

Shemeji, walitaka kumwachia. Uliponiuliza, nilikudanganya. Simu ilikuwa mbele yangu, nami sikukupigia, kwa sababu nilijua ungesema arudi nyumbani.