Kipande Namba Arobaini na Moja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Afya; uongozi wa hospitali; wauguzi na ndugu wa wagonjwa,

MAKARIBISHO

Sisi mafundi wa maabara ya uvimbe wa ubongo tunakukaribisha kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa harufu ya dawa. Sisi tumeshaizoea, ila watu wa nyumbani wamechoka kutusema.

HISTORIA

Tulianza miaka sita iliyopita, watu watatu na hadubini moja. Kazi yetu ni kukata uvimbe vipande vyembamba, kuvitia rangi na kutafuta vipokezi. Hivyo ni kama masikio ya seli: yakizidi, seli husikia "songa, songa" kutwa kucha, nayo ikajipenyeza ubongo mzima.

MAFANIKIO

Kila kipande huletwa kwetu na namba tu, bila jina. Kikishika rangi vizuri, vipokezi vikaonekana wazi, tulikuwa na desturi ya kupiga makofi. Mwezi wa tatu, mwenzetu tunayemwita Dada Vioo aliinua kichwa kwenye hadubini akapaza sauti, "Jamani, njooni! Arobaini na moja kimewaka hiki, sijapata kuona!" Tukapiga makofi, yeye akatuzidi wote.

Daktari alipokuja kuchukua majibu, akataja jina la mgonjwa. Ni mdogo wake Dada Vioo, kitinda mimba wao, seremala, ambaye dada mtu alimbeba mgongoni tangu mchanga. Dada Vioo aliketi sakafuni pale pale. Alijiona ameushangilia ugonjwa wa ndugu yake. Tangu siku hiyo hatupigi makofi, na roho zinatuuma mpaka leo.

CHANGAMOTO

Dawa ya majaribio ya kuziba vipokezi hivyo ipo, imefungiwa stoo. Inasubiri kibali cha ofisi yako, miezi saba sasa. Kila asubuhi Dada Vioo hupitia wodini. Mdogo wake humuuliza, "Dada, wamesaini?" Naye humjibu, "Bado kidogo, baba." Akifika kwetu hunawa uso kwanza, ndipo ashike kisu.

MAOMBI

Tunaomba kitu kimoja tu: saini yako, leo, ili seremala huyu na wenzake wanne waanze dawa.

Mheshimiwa, seremala tulimzika juzi. Risala hii tuliiandika akiwa hai; tulitaka kulifuta ombi lake hapo juu, Dada Vioo akakataa katakata. "Isomeni hivyo hivyo," alisema, "Waziri asikie tulichokuwa tunakingoja." Wale wanne bado wako wodini. Karatasi tumekuja nayo, na kalamu.

Mola akujalie siha, wewe na wadogo zako.

Ni sisi,
Mafundi wa Maabara ya Uvimbe wa Ubongo