Santuri Tatu za Mwalimu Cecil

Baba Padre, wazee wetu, walimu, majirani, na ninyi nyote mliokanyaga matope ya masika kuja kutusaidia kumlaza mzee wetu, tunajua mmechoka, nasi wafiwa tumechoka, maana ugonjwa ulikuwa mrefu na njia ya hospitali ya Ndanda tumeipita mpaka imetuzoea, hivyo mimi Dunstan, mpwa wake, mtoto wa dada yake Ethel, nimetumwa niyasome maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, kwani mwenyewe hakupenda mapambo.

Marehemu Mwalimu Cecil Nikolao Chiponda alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Novemba 1909, hapa hapa Chidya, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Nikolao, aliyekuwa mwalimu wa katekisimu, na marehemu Bibi Mabel, akabatizwa Krismasi ya mwaka huo huo. Alianza shule ya misheni mwaka 1918, wakati vita vya Wajerumani vilikuwa vimewaachia watu njaa na magofu, akasoma kwa tumbo tupu kama wenzake wote, na mwaka 1930 akamaliza masomo ya ualimu. Januari 1931 alianza kufundisha Masasi, na mwaka 1940 akahamishiwa Mnyambe, juu kule Newala, ambako maji yalikuwa adimu kuliko walimu, akafundisha hesabu na kuimbisha kwaya mpaka Juni 1959, ugonjwa ulipomrudisha nyumbani.

Jumamosi, tarehe 26 Septemba 1936, alifunga ndoa takatifu na Bi Ida, huyu aliye mbele yenu hapo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Sophia aliyezaliwa mwaka 1938, Cuthbert aliyezaliwa mwaka 1941, na Nikolao mdogo, aliyezaliwa mwaka 1944 akafariki mwaka uliofuata kwa surua.

Kwa kawaida hapa msomaji angevuka kutoka kwa watoto kwenda kwenye ugonjwa, lakini kwa Mwalimu Cecil hatuwezi kuvuka hivyo, kwa sababu katikati pana jambo ambalo wengi wenu mlilicheka, na baadhi yetu ndani ya familia lilituchosha, nalo ni santuri.

Jumamosi, tarehe 25 Agosti 1951, alikwenda Newala mjini kuchukua chaki za shule, akakuta kwenye uwanja wa duka moja vijana wakipiga dansi la mchana, wakijiita Lukuledi Jazz, vijana ambao kazi yao ya karanga kule Nachingwea ilikuwa imekwisha, na kiongozi wao, mpiga gitaa na mwimbaji, alikuwa Alfani Bwanali, mzaliwa wa huko huko Newala. Siku hiyo wari walikuwa wanatolewa jandoni, na hakuna mtu wa Newala mwenye akili zake atakayeacha ngoma ya kuwatoa wari akasimame kusikiliza gitaa, hivyo uwanjani alikuwapo mwenye duka, mbuzi wake, na Mwalimu Cecil. Vijana wale walipiga vilevile, bila kupunguza kitu, na mwishoni Alfani akaimba wimbo wa mtu aliyerudi kutoka kwenye mashamba ya karanga, mama yake akamwuliza amerudi na nini, naye akajibu kwamba amerudi na miguu yake. Mwalimu alifika nyumbani jioni akamwambia mkewe kwamba amesikia watu wakiimba uchovu bila kulalamika, na Mama Sophia akamwuliza chaki ziko wapi.

Mwaka 1953 vijana wale walisafiri hadi Dar es Salaam wakarekodi santuri nne, zikaletwa chache huku kwetu, na hazikununuliwa, kwa sababu wenye gramafoni walitaka rumba za Kuba, na bendi ikasambaratika kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuzitafuta. Ya kwanza aliipata dukani Masasi mwaka 1954, imeegemezwa dirishani kuzuia jua, ya pili aliipata Ndanda mwaka 1955 kwa mfanyakazi mmoja wa karakana, akamwachia taa ya baiskeli yake, na ya tatu aliikuta Agosti 1956 kwa Bibi Sikudhani wa Newala, ikiwa mfuniko wa mtungi wa maji. Bibi Sikudhani hakutaka fedha wala sahani mpya, alisema mfuniko ule unakaa vizuri, na kama mwalimu anautaka basi ateremke bondeni kama wanavyoteremka wanawake, amletee maji. Mwalimu akateremka, akapanda ule mteremko na debe begani, wanawake wakimcheka njia nzima, akaipata.

Santuri zile zilikaa katika sanduku chini ya kitanda, na ufunguo ulikaa shingoni mwake pamoja na msalaba. Alizipiga Jumapili baada ya ibada, mara moja moja tu, mlango umefungwa, kwa kuwa kila sindano inapopita inakula kidogo, na watoto wake walizisikiliza kutoka barazani kama watu wa jirani. Kila likizo ya Agosti yeye alikuwa barabarani akiulizia ile ya nne, yenye wimbo wa miguu, na Mama Sophia alikuwa shambani peke yake akifyeka, mpaka ikawa akiulizwa na majirani hali ya nyumbani, hujibu kwamba ana mke mwenza, mweusi, wa duara, asiyelima.

Tarehe 8 Agosti 1957 Alfani Bwanali alifariki kwa kifua, na habari zilipofika Mnyambe zilikuja na habari nyingine, kwamba alikuwa ameitunza santuri ile ya nne, pengine ndiyo pekee iliyobaki. Wenzake Mwalimu walimwambia awahi. Yeye alijibu kwamba haendi kuomba kitu mahali ambapo watu bado wamekaa matangani, hiyo si adabu, atangoja arobaini ipite. Subira yavuta heri, walisema wahenga, ila hawakusema inaivutia nyumba ya nani.

Alifika kijijini kwa kina Alfani siku moja baada ya arobaini. Dada wa marehemu, Bi Stamili, alimpokea vizuri, akampa kiti, na aliposikia kwamba mgeni alikuwa mpenzi wa nyimbo za kaka yake alifurahi, akampeleka mwenyewe kaburini akaone walivyomheshimu. Ninyi mnaijua mila, arobaini inapotimia vile vilivyokuwa vya marehemu mwenyewe huvunjwa na kuwekwa juu ya kaburi, ili viende naye na watu wasivigombee, na hapo palikuwa na sahani yake, birika lake, na santuri imevunjwa vipande vinne, vimepangwa kwa upendo kichwani pake. Bi Stamili akasema, “Tulimpa kilicho chake, Mwalimu.” Mwalimu akamshukuru, akasema wamefanya vema, na cha kaburini hakiokotwi.

Alirudi amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi, na Mama Sophia, aliyekuwa ameyaweka tayari maneno ya siku hiyo kwa miaka, alimtazama, akayameza, akampashia maji ya kuoga. Tangu siku hiyo hakutafuta tena.

Mwanzoni mwa mwaka 1959 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi, akalazwa Ndanda mara tatu, ya mwisho ikiwa tarehe 9 Februari mwaka huu. Huko wodini mjomba wetu mwingine, Mzee Fakihi, alimwuliza kwa heshima, kama ilivyo desturi, ni vitu gani vyake tutavivunja, na sisi sote tulidhani tunajua jibu, hata sanduku lilikuwa limekwisha kuletwa kitandani. Mwalimu akauvua ufunguo shingoni, akasema tuvunje sahani yake na kikombe chake cha chai, hivyo ndivyo vyake, santuri si zake, ni za Mama Sophia, kwa sababu yeye ndiye aliyezilipia, kwa mgongo wake. Kwa mila mali ya mjomba huja kwetu wapwa, haimwendei mke, lakini mtu hawezi kurithiwa kisicho chake, nasi tumekubali. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Machi 1960, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda waliokesha naye, walimu wenzake wa Mnyambe na Masasi, majirani mliotupikia na kutuchotea maji, dereva wa lori aliyemleta nyumbani bila kutuharakisha, na Bi Stamili, aliyetembea kutoka Newala na yuko hapa.

Mama Sophia ameagiza tuseme na neno lake, kwamba nyimbo zile hajawahi kuzipenda sana, lakini kila Jumapili atazipiga, mlango wazi, anayetaka aingie, mpaka sindano izimalize. Mjomba, umetembea sana. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.