Mwalimu Aliyegoma Kuchoka Tena

Leo ni Ijumaa, tarehe 12 Juni 2026, na ninaahidi kusimulia yote kuhusu Mwalimu Cornelius Masunga, hata yale ambayo angependa yabaki darasani. Anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha. Klabu ya Kihispania imenichagua mimi, Josefina wa kidato cha tatu, niandike haya ya kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga, kwa niaba ya wanachama wote. Huenda ikawa kazi ya mwisho ya klabu, kwani tumeambiwa itafungwa asipopatikana wa kuisimamia.

Mwalimu alianzia Mwimbi, akifundisha Kiingereza. Huko kulikuwa na sista kutoka Hispania mwenye zahanati, na Kiswahili chake kiliwachanganya wagonjwa. Mwalimu alimsaidia kutafsiri, naye sista akamlipa kwa kumfundisha Kihispania. Ndiyo maana Kihispania cha mwalimu wetu kimejaa kikohozi na homa, na mwanachama mpya hukaribishwa kwa kuulizwa anaumwa wapi.

Alipohamia shuleni kwetu Kizwite alianzisha klabu kila Jumamosi asubuhi. Wengi tulijiunga kwa ajili ya mpira wa Hispania, tukabaki kwa ajili yake. Huja na koti zito hata mwezi wa Oktoba, na chupa ya uji wa ulezi ambao hamgawii mtu mpaka ajibu swali.

Somo lake maarufu ni lile la maneno ya Kiingereza yanayoanza na "re". Alitufundisha kwamba Mhispania akitaka kusema kitu kinafanyika tena, mara nyingi husema anarudi kukifanya. Kwa hiyo "rewrite" ni "volver a escribir", na "reread" ni "volver a leer". Ili tusibandike "volver a" kila mahali, alitupa kipimo: ng'oa "re", uone kama kilichobaki kinasimama chenyewe. Ukiing'oa kwenye "receive" inabaki "ceive", na Mwalimu alituuliza kama kuna mtu kuanzia Ilemba mpaka Kizwite aliyewahi "ku-ceive". Hakuna. Basi hiyo ni "recibir", mambo yamekwisha. Alikisifia kipimo hicho kama mtu anavyomsifia ng'ombe wake wa maziwa.

Mwezi Mei tangazo la kustaafu kwake lilibandikwa kwa Kiingereza, nalo lilikuwa na neno "retire". Hamisa, mtiifu kuliko sisi sote, aling'oa "re", akaona "tire", yaani kuchoka, imesimama imara. Jumamosi iliyofuata akaandika ubaoni: "El profesor Cornelius volverá a cansarse." Mwalimu Cornelius atachoka tena.

Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma upya.

"Mwalimu, samahani," Hamisa akajitetea, "kipimo si ni chako?"

"Leo ng'ombe kampiga teke mwenyewe," Kheri akasema kutoka nyuma.

Mwalimu alicheka mpaka uji ukamwagikia koti. Kisha akasema, "Sarufi haina kosa, binti yangu. Lakini nitachokaje tena, na sijachoka mara ya kwanza?" Akaandika neno lenyewe, "jubilarse", akatueleza kwamba ni ndugu wa neno la shangwe. Nadhani alitaka tushangilie. Sisi tuliinama tukalinakili daftarini.

Nisisahau Kiingereza, somo linalomlipa mshahara. Waliofundishwa naye leo ni wauguzi, walimu na madereva wa mabasi, na wote bado hawawezi kusema "receive" bila kutabasamu.

Mwalimu, asante kwa Jumamosi zote ambazo hakuna aliyekulazimisha kuja. Tunakuombea afya njema, mahindi yaliyojaa punje, na wajukuu wanaouliza maswali magumu.

Mkuu wetu wa shule, Madamu Jane, amekubali kwamba hata mstaafu anaweza kuisimamia klabu, mradi aseme mwenyewe kabla shule haijafungwa. Tunajua shamba lako kule Mwimbi linakuita, na nauli ya basi haipungui. Hatutaki kukulazimisha. Tunaomba tu jibu lako kabla sherehe haijaisha, ili tujue la kuwaambia wa kidato cha kwanza: je, Jumamosi ya kwanza ya Julai tufungue darasa?