Barua ya Kufunga Mupaka

Banc iko yangu na kahawa iko yangu, tusikilizane mbele. Ni ubao moya juu ya mawe mbili, mu kona ya Kadutu fasi barabara inapanda. Mume wangu aliiweka pale ili bateja bakae kidogo, bakunywe, baende. Kidogo! Kuko banaume batatu bamekaa pale tangu Communauté ilianza, ile ya Zaïre na Rwanda na Burundi, na kuenda kwao sijaiona bado. Majina yao ya ubatizo ilikatazwa ku bureau, ile ya kizaïrois yenye authenticité ya serikali ilibapatia bo benyewe banaisahau, basi kijiwe ilibapatia ya tatu. Protokole alikuwaka karani ku duane, fasi ya ushuru ku mupaka, na koti yake ya abacost anaifunga mpaka kifungo ya shingo ata jua ikichoma. Radio hana radio, yeye mwenyewe ndiye radio. Na Navette ni fundi wa mashine ya kufuma mu kiwanda ya vikwembe. Mimi ni Maman Apolline. Sisemaka mingi.

Ile samedi, mwisho wa juma, Navette alifika na karatasi na bic ya kuandikia. Hakuomba kahawa. Nikajua kuko mambo.

— Lundi, kesho kutwa, tunaingia konje, alisema.

— Konje! Protokole akamupa mukono. Félicitations, mupenzi, upumuzike! Mimi mu miaka kumi na nane ya serikali nilipata konje mara mbili.

— Ni konje ya teknike. Kiwanda inasimama.

— Na ile ni ya siku ngapi?

— Direkta anasema tungoye mpaka batatuita.

Radio akatikisa kichwa.

— Shemeki yangu baliingizaka mu konje ya teknike mwaka wa makumi saba na tisa. Mpaka leo iko nangoya baite jina yake. Kila asubui ananyoa ndevu.

Nilimuambia Radio akunywe anyamaze. Navette iko na batoto saba, wa mwisho bado ananyonya. Ile mutu, mashine ikikohoa mu kiwanda, anaisikia toka mu njia. Nikamumiminia kikombe bila kumuuliza, na nilisikia uchungu kwa kweli.

— Lakini kuko njia moya, Navette alisema. Direkta anaenda Gisenyi, kule Rwanda, ku mukutano ya Communauté. Alisema kila atelier ya kiwanda imuandikie barua ya mistari tano, ataisoma mbele ya bakubwa. Leo saa sita iwe mu mukono yake. Tukiandika muzuri, labda mashine itabakia. Njooni munisaidie.

Mungu wangu. Alikuya kuomba akili kwa batu bale batatu, na yeye mwenyewe ni moya wao.

Protokole akakohoa, akafunga kifungo yenye ilikuwa imekwisha kufungwa.

— Andika. «Bakubwa baheshimiwa, tuko na heshima kubwa sana, na furaha yenye haina kipimo, ya kuleta mbele ya hekima yenu ya juu, kwa unyenyekevu wote...»

— Protokole, nilisema, mistari tatu imekwisha na hujaomba kitu.

— Maman Apolline, barua bila heshima ni sawa ugali bila chumvi.

— Ugali haiwekwaka chumvi!

— Ndiyo maana haiandikwaka.

Navette akakata yote, akaanza tena. Mimi nikauliza Communauté iliua kiwanda namna gani, maana nasikiaka banaisema, nasikiaka, lakini hakuna mwenye alinieleza na akili.

— Ni kitu mwepesi, Protokole alijibu. Zamani, kikwembe ya Bujumbura ikifika ku mupaka, mimi nilikuwa nasimama hivi, mukono mbele. Simama! Inalipa ushuru. Ikifika ku soko ya Kadutu, bei yake imepanda, na ya Navette iko pale chini, inauzishwa. Leo ile ya Bujumbura iko na karatasi ya Communauté. Inapita mbele ya duane sawa bwana arusi, hakuna wa kuigusa. Na inauzishwa chini kuliko ya Navette.

— Basi ni wema, nilisema. Kwa mwenye kununua.

Bakaniangalia wote batatu. Nikavuta tablier yangu ya kupikia chini kidogo, ifunike kikwembe, juu ile nilivaa ile siku... tuache.

— Wahenga balisema, Protokole akaendelea, mugeni siku ya kwanza na ya pili ni mugeni. Siku ya tatu, mupatie jembe. Ile kikwembe iko kwetu toka myaka ngapi?

— Sasa kikwembe italima wapi? nilimuuliza. Ku Bagira ao ku Nyantende?

— Nyinyi hamujui kitu, Radio akasema, na akasogeza kikombe yake ili iwe na nafasi ya mikono. Ile kikwembe bameitengeneza ipunguke. Kwa makusudi! Mwanamuke anaifua mara ya kwanza, inapunguka kidole moya. Mara ya pili, mbili. Ikifika Pasaka, mama mzima amefungwa na kitambaa ya mutoto, lazima anunue ingine. Bibi yangu ni mushuhuda.

— Bibi yako alinona, nilisema. Nilimuona ku misa.

— Alinona juu ya uchungu! Na ile ni ndogo. Sikilizeni sasa. Pièce moya ya kikwembe ni metre ngapi?

— Karibu sita, Navette alisema.

— Sita. Bon. Kila pièce yenye inaingia huku bila ushuru, mupaka inasogea metre sita. Bamesaini hivyo mu karatasi, nyuma, kwa maandishi ndogo. Musicheke! Piga hesabu: pièce ngapi ku soko kila siku? Ikifika Noël, mupaka iko Bagira.

— Hapana, Radio, hapana kabisa, Protokole alisema na hasira. Mutu asome kwanza ramani. Ikitoka ku Uvira inapita Nyantende mbele. Noël ni Nyantende. Bagira ni Pasaka.

Na balibishana pale, Noël ao Pasaka, mpaka Navette akapiga bic juu ya ubao.

— Saa tano na nusu! Mbele ya saa sita, ninyi batu! Nitaandika nini?

Protokole akasogelea karatasi.

— Andika kitu moya tu, Protokole alisema polepole. «Mufunge mupaka.»

— Kidole moya haivunji chawa, Radio akaongeza.

Hakuna mwenye alimuuliza ile inaingia wapi. Navette akaandika, kwa herufi kubwa, moya moya: MUFUNGE MUPAKA. Akapuliza wino. Uso yake ilifunguka kidogo.

Pale pale mama moya akafika, na kikapo ku kichwa na vumbi ya Nyantende mpaka ku magoti. Mama wa parokia, ile nilitambua kwa namna alisalimia.

— Jambo yenu. Mimi ni Séraphine. Natafuta fundi wa kiwanda ya vikwembe. Ku mulango yao banasema samedi anapatikanaka hapa, kwa mama wa kahawa.

— Ni mimi, Navette alisema.

Akashusha kikapo, akakaa bila kuambiwa.

— Aksanti Mungu. Papa, mutoto wetu Déogratias anapata upadri mu mwezi wa munane. Ni wa kwanza kwetu, toka misioni ilijengwa! Tuko bamama makumi sita, na wote tutavaa kikwembe moya. Tulifanya mukutano siku mbili. Bamoya balisema tununue ile ya ngambo, juu ni ya bei ndogo. Mimi nilikatala. Nilisema padri ni wa kwetu, kikwembe iwe ya kwetu. Bakakubali. Basi nakuya kwenu. Pièce makumi sita.

— Makumi sita! Radio akasimama. Maman, ubarikiwe!

— Makumi sita, na rangi moya? Protokole akashika mukono ya ule mama na mikono yake mbili. Citoyenne, Zaïre inakushukuru.

Mimi pia nilifurahi, nisidanganye. Nilisema mu roho, tazama, barua ata haijaenda, Mungu amekwisha kuisoma. Nikamumiminia ya bure.

— Basi zitapatikana lini? Séraphine akauliza.

Navette akaweka bic chini. Aliangalia mikono yake, akaipangusa ku suruali, na haikuwa na kitu.

— Maman, alisema, uzi hakuna.

— Uzi gani?

— Ile ya kufuma. Toka Pasaka nasafisha mashine, natia mafuta, na haina kitu mu tumbo. Labda tutapata ya pièce munane. Labda tisa.

— Hukusema ile! Radio akapiga kelele.

— Hamukuuliza.

Séraphine akaweka kikombe chini.

— Papa, usinikasirikie. Niko na dada yangu ku Sange, huku upande yetu ya mupaka. Nilikuwa kule mwezi ulipita. Pamba ilikuwa nyeupe pe, mpaka mutu anafumba macho. Ile inaendaka wapi?

— Mulimaji anaifunga ku kinga, ile baiskeli yake, anavuka nayo muto Ruzizi. Ngambo banamulipa siku ile ile. Kwetu alingoya malipo mavuno mbili, na bado iko nangoya.

— Basi ile kikwembe ya Bujumbura...

— Ingine, ndiyo, Navette alisema. Ni pamba ya Sange.

Protokole akafungua kifungo ya shingo. Mara ya kwanza tangu nimujue. Radio alikuwa anaangalia barabara sawa mutu mwenye anangoya motokari.

Mama akaona karatasi juu ya ubao. Alijua kusoma, aliisoma na kidole, herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Nyuma akamuangalia Navette, na hakuwa na mashindano mu macho, aliuliza tu sawa mutu anauliza njia:

— Na mukiifunga, bamama makumi sita batavaa nini?

Protokole akatafuta kifungo yake ya shingo. Radio, mwenye iko na jibu ata ya kifo, akainua kikombe yenye ilikuwa imekwisha. Nikatikisa birika, ilikuwa na machicha tu.

Séraphine akasimama, akarudisha kikapo ku kichwa.

— Basi, nitaenda Bujumbura lundi. Nitabaeleza bamama. Munisamehe.

Alikuwa amekwisha kushuka hatua tatu ao nne wakati Navette alimuita.

— Maman! Ile Communauté... si inapitishaka batu pia?

— Inapitisha. Mimi napitaka na karte yangu ya kitambulisho tu.

Navette akakunja barua mara mbili, akaitia mu mufuko wa shati. Saa sita ililia ku kanisa. Hakuinuka.

— Basi ukifika ku kiwanda yao, alisema, uniulizie kama banatafuta fundi wa mashine.