Mzee Saarela na Makocha Kumi na Sita

Ijumaa hii, tarehe 29 Machi 2019, Bwana Eino Saarela, mtunza vifaa wa klabu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, Fisimaji wa Copper Landing, anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi. Barua ya ofisi ya juu inasema anaondoka kwa hiari yake. Mimi nimeuza tiketi kwenye dirisha la mlango wa mashariki kwa miaka ishirini na mitatu, na nikiliona neno "hiari" kwenye barua yenye mhuri, huvaa miwani na kusoma upya.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu inasemekana namjua kuliko wengine. Kusema kweli sikumjua, nilimchunguza tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Aliajiriwa Novemba 1987, kiwanda cha mbao kilipofungwa. Alipewa chumba chini ya majukwaa, mashine moja ya kunolea viatu vya barafu, na funguo kumi na mbili ambazo tisa kati yake hazikufungua kitu chochote. Tangu hapo amenoa, ameshona glovu, amefua jezi na kuunga magongo. Basi letu lilipokwama kwenye theluji kwa saa kumi na moja mwaka 1996, alikausha glovu za timu nzima juu ya kipasha joto, na juu ya kipasha joto hichohicho akapasha mikate ya nyama ya chakula cha jioni. Wachezaji wa msimu ule wanaapa hadi leo kwamba walikula glovu.

Wachezaji kumi na wanne waliopita mikononi mwake wamepanda hadi ligi kuu. Klabu kubwa inayotumiliki hutuletea vijana ili wakuzwe hapa. Makocha pia hutuletea, halafu huwaondoa kabla hawajajua choo kilipo. Mmoja mmoja hupandishwa, wengi hufukuzwa. Katika muda wa Saarela walipita kumi na sita, na kila mmoja alianza kwa kufuta ubao wa mbinu wa mwenzake aliyetangulia.

Hapo ndipo shaka yangu ilipozaliwa. Kila kocha mpya alipofika, Saarela alimkaribisha kahawa chumbani kwake, na kila aliyeinywa kahawa ile alifukuzwa au kuhamishwa. Watu kumi na sita wameingia na kutoka, na mmoja yuko palepale chini ya ngazi. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hili hakuna aliyelisema ila mimi, kwa hiyo nililisema mara nyingi. Niliamini kwamba Saarela ndiye jicho na sikio la ofisi ya juu.

Desemba iliyopita, kocha wa kumi na sita, Bwana Gilmartin, alitoa amri. Chini ya chuma cha kiatu cha barafu kuna kijifereji. Kina chake kikizidi, chuma hung'ata barafu, na kikipungua, huteleza. Gilmartin alitaka mabeki wote wanolewe kwa kina kimoja, kirefu, ili wasimame ghafla anapotaka. Kila asubuhi alipitisha ukucha kwenye vyuma, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akapanda juu.

Jumanne ya tarehe 15 Januari nilishuka kuomba utepe wa kuziba ufa wa dirisha langu. Gilmartin alikuwa ametoka tu. Nilimkuta Saarela amevirudisha viatu vya beki wetu Tanner Ostby kwenye mashine, anavinoa upya kwa kipimo chake mwenyewe. Aliponiona alizima mashine.

"Unataka nini, Corinne?"

"Utepe. Na wewe unafanya nini?"

"Kazi," akasema, akanipa utepe.

Nilipanda ngazi moyo unanidunda kwa furaha, naona haya kuliandika hilo. Nilijiambia nimemshika. Kumbe ndivyo anavyowamaliza makocha, anawaharibia viatu ili timu ishindwe! Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshamweleza Gilmartin yote, na chumvi kidogo juu.

Siku mbili baadaye Saarela aliitwa juu. Akasaini karatasi ya kustaafu. Mwisho wa mwezi alikabidhi funguo zote kumi na mbili na kuanza likizo yake ya mwisho. Mashine ikafungwa kwenye kipimo kimoja, na fundi wa muda akaambiwa asiiguse skrubu.

Jumamosi ya kwanza ya Februari tulifungwa saba kwa moja. Kipindi cha pili Ostby aligeuka kumfuata mshambuliaji, chuma kikang'ang'ania barafu, mwili ukaenda na mguu ukabaki. Goti lake lilivimba hivi kwamba alikosa mechi nne. Jumatatu yake alikuja dirishani kwangu kwa magongo ya hospitali, kuchukua tiketi za mama yake.

"Mama Corinne, hivi unajua nani alimchongea Mzee?"

"Watu wabaya," nikasema, nikijifanya natafuta bahasha.

"Sikiliza. Huu ni msimu wangu wa tatu hapa. Makocha wanne wamenifundisha miguu minne. Mmoja kaniambia ninenepe, mwingine nikonde, mwingine nihamie pembeni, huyu anataka nisimame kama mlingoti. Mzee peke yake ndiye aliyejua kwamba miguu yangu ni miwili! Alikuwa akisoma vyuma vyangu baada ya kila mazoezi, ananiambia upande upi sigeuki. Kila kocha mpya alipewa kahawa na kuelezwa habari za kila mmoja wetu. Hawakuwa wanasikiliza."

"Hata mmoja?"

"Wawili. Hao ndio waliopandishwa."

Nilimpa tiketi za mama yake na kufunga dirisha, ingawa muda wa kufunga ulikuwa bado. Nililia humo ndani, karibu na ule utepe wa Saarela. Gilmartin alifukuzwa siku ya Jumatano. Nilikuwa nimemtoa kafara mtu wa miaka thelathini na moja kwa ajili ya kocha aliyebakiwa na siku chache, na bado sikumwambia mtu.

Mwezi huu nikaanza kuona jambo. Kila asubuhi, kabla ya mazoezi, wachezaji walikuwa wakitoka kwa mlango wa mashariki wawiliwawili, mifuko begani, wakitembea kwa kunyata kama watu waliovunja stoo. Mtu haachi asili yake. Niliwafuata kwa gari, taa zimezimwa, hadi Mtaa wa Tatu, nyuma ya nyumba ya Saarela. Kibandani mlikuwa na jiko la kuni, mashine kuukuu ya kunolea, na foleni ya Fisimaji tisa walioshika viatu. Ostby alikuwa wa kwanza.

"Corinne, ingia ufunge mlango," akasema Saarela bila kugeuka. "Unatuletea baridi."

Nikasema mbele ya wote, maana nilijua nikingoja wabaki wachache sitasema. "Ni mimi niliyekuchongea kwa Gilmartin."

"Najua. Siku ile, baada ya wewe kutoka na utepe, Gilmartin alishuka tena kukagua viatu, na hakuwahi kushuka mara mbili kwa siku moja."

"Mbona hukunieleza siku ile?"

"Ungeniamini? Wewe saa ya ukutani yenyewe unaihoji."

Wakacheka, na mimi nikacheka na machozi yananitoka. Sijui kama amenisamehe. Alinipa kahawa, na nilipoinywa nilikuwa bado naikagua.

Juzi kocha wa kumi na saba, Bwana Prudhomme, alisimama dirishani kwangu.

"Mama, hawa vijana huenda wapi asubuhi?"

"Kanisani," nikasema.

"Wote? Jumanne?"

"Huku watu wanapenda sana sala."

Akainua mfuko wake na kuuweka kwenye kaunta. Ndani mlikuwa na viatu vyake mwenyewe. "Basi nielekeze hilo kanisa. Vyangu pia havikati."

Nilimchorea ramani nyuma ya tiketi.

Mzee Saarela, barua ya ofisi ya juu ni ya uongo, na uongo ule nilianza kuutunga mimi. Haya yasomwe leo mbele ya kila aliyenunua kiti, ili jina lako litoke hapa likiwa safi kama lilivyoingia. Kwa niaba ya klabu, na ya Fisimaji wote waliosimama imara kwa mikono yako, ahsante. Uishi miaka mingi na Bi Saarela, kuni zenu zisilowe, magoti yako yakustahi. Na tafadhali, kibanda usikifunge kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu mazoezi huanza saa nne.