Mama Valérie Kitenge, Aliyetoka Nje na Watoto Wake

Mama Valérie Kitenge, dada yangu mkubwa, alizaliwa Kisenge tarehe 4 Mei 1966, mtoto wa kwanza wa Tata Symphorien Kitenge, mchimbaji wa madini ya manganizi, na Mama Jeanne. Mimi Kyungu nilimfuata. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na yeye ndiye aliyenichapa siku nilipompiga mbwa mawe.

Alisoma kwa masista hadi mwaka wa nne wa sekondari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu, na kwa kuwa aliwaambia hivyo, aliadhibiwa mara kwa mara.

Tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na Tata Lucien Mukalay, fundi wa treni, wakahamia Kasulo, hapa Kolwezi. Walingoja miaka kumi na mmoja kabla ya kumpata Jémima, kisha Hénock. Aliuza mikate ya kukaanga mbele ya nyumba. Majirani walipovunja sakafu za sebule zao kutafuta kobalti, mnunuzi mmoja alikuja kumbembeleza naye achimbe. Akamjibu: "Tata, chini ya kitanda yangu kuko usingizi tu. Hiyo siuzishi." Kasulo nzima ilicheka, lakini nyumba yake bado imesimama.

Mwezi wa Agosti 2015, umati ulimkamata mchimbaji mmoja, Mechack, ukidai ameiba gunia la madini. Walimpiga kwa vyuma vya kuchimbia mpaka mfupa wa mkono ukatokeza. Tairi lilikuwa shingoni, petroli imeshamwagwa. Mimi nilifunga dirisha. Dada yangu alimshika Jémima mkono huu, Hénock mkono huu, akaenda kusimama katikati ya petroli ile.

"Mwenye iko na kiberiti, awashe. Tuko banne."

Hakuna aliyewasha. Mechack alipona, ingawa mkono wake haukunyooka tena. Jioni Tata Lucien alifoka: "Ungeuwa batoto!" Akamjibu: "Tukibaficha kila siku, kesho ni bao benyewe njo batashika tairi."

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2021. Mwaka jana alikatwa mguu. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025, saa tatu asubuhi, Jémima akiwa amemshika kichwa.

Programu ya mazishi mliyo nayo mkononi ilichapwa Jumatano, na inaishia hapo. Yanayofuata nayasema kwa mdomo, kwa sababu kosa ni langu. Kwenye matanga nilitamka, kwa uchungu na kwa pombe, kwamba aliyempa dada yangu chakula cha mwisho ni jirani yake, Mama Blandine Ngoyi, kwa sombe yake, mboga ya majani ya muhogo. Sikusema zaidi. Vijana hawakuhitaji zaidi. Jana tulipolitoa sanduku la maiti mochari, walitunyang'anya mabegani, kama wanavyofanya siku hizi, wakidai marehemu mwenyewe anawaongoza kwa mchawi aliyemuua. Sanduku likayumba, likakimbizwa, likagongeshwa kwenye mlango wa Mama Blandine.

"Mulozi atoke! Sanduku njo inatuonyesha!"

Mawe yalivunja madirisha. Mtu alipanda juu ya bati na chupa ya petroli. Ndani Mama Blandine alikuwa akilia, na kilio kile sitakisahau.

Jémima alipenya katikati yao, akasimama mlangoni. Jiwe la kwanza lilimpasua paji la uso.

"Mama alikufa na sukari," akasema. "Mi nilikuwa pale. Mukitaka kuingia, muanze na mi."

Hénock akaja kusimama kando yake. Jiwe la pili lilimvunja meno mawili. Hawakusogea. Ndipo na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikatoka nyuma ya ukuta, nikasimama wa tatu, nikapiga kelele kwamba niliyoyasema ni uongo. Wakaliweka sanduku chini.

Nyakati hizi hunikatisha tamaa kila asubuhi. Jana, nikiwatazama watoto wale wakivuja damu, nilipata tumaini, na nikaona haya.

Ameacha mume, Tata Lucien. Watoto wake, Jémima mwenye bandeji na Hénock asiyeweza kuimba leo. Mdogo wake, mimi. Na Mama Blandine Ngoyi, ambaye watoto wamemkalisha hapa mbele, katikati yao.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Dirisha langu liko wazi.